Kabla Useme "Injini Ilikufa": Ile Ndege ya Kwale na Siri Iliyo Kwa Vyuma

Jumanne ya Oktoba 28, 2025, simu yangu iliamka kabla yangu. Grupu tatu za WhatsApp, zote za mtaa, zote na stori moja: ndege imeanguka Kwale. Nikaanza kusoma nikishuka chini. Komenti ya nne tayari ilikuwa imefunga kesi: "Injini ilikufa angani, wasee. Ndio hiyo."

Moshi ulikuwa bado unapanda. Hakuna mpelelezi hata mmoja alikuwa amefika pale. Lakini msee amekaa kitandani Ukunda, chai ya rangi mkononi, ashafanya uchunguzi na ripoti ashatoa.

Siwezi mcheka sana, juu uongo mbaya, hata mimi niliamini. Nikaforwadi kwa grupu ya nne. Imenichukua muda kukubali kwamba siku hiyo nilikuwa sehemu ya shida, na ndio maana naandika hii.

Wacha tuanze na kile kinajulikana. Ndege ilikuwa Cessna Caravan, usajili 5Y-CCA, ya kampuni ya Mombasa Air Safari. Ilitoka uwanja wa Diani ikielekea Kichwa Tembo, Maasai Mara. Ikaanguka Tsimba Golini, kule kwa vilima vya Kwale, na ikawaka moto. Ndani kulikuwa na watu 11: watalii 8 wa Hungary, 2 wa Ujerumani, na rubani Mkenya. Hakuna aliyetoka hai. Maafisa wa kaunti walisema asubuhi hiyo kulikuwa na mvua na ukungu.

Sasa angalia vile hata hizo habari chache zilivyoyumba. Taarifa ya kwanza ya mamlaka ya safari za ndege, KCAA, ilisema watu 12. Baadaye ikawa 11. Taarifa hiyo hiyo ilisema ajali ilitokea "0530Z". Watu wakasoma saa kumi na moja unusu alfajiri, wakaanza kuuliza ni ndege gani ya watalii inaruka giza. Kumbe hiyo Z mwishoni ni saa ya Greenwich, ile marubani wote duniani hutumia. Ongeza saa 3 upate saa ya Kenya: saa mbili unusu asubuhi. Herufi moja tu, na tayari nusu ya nchi ilikuwa na stori ingine.

Kama saa na idadi ya watu inaweza kupotea hivyo kwa siku moja, wewe na mimi tunajuaje vile injini ilikuwa?

Ndege ambayo haikutufikia

Mimi ni mtu wa Taru. Kama hujawahi kupita, ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Samburu kabla ufike Mackinnon Road, hiyo nyika kavu yenye miiba na vumbi jekundu ndio nyumbani. Wazee wetu wa Kiduruma waliizoea. Misafara ya zamani kutoka pwani iliogopa Taru kuliko kitu kingine, juu ya maji. Mtu alikuwa anaweza kubeba mzigo wake kutoka Mombasa akiimba, akifika Taru anaanza kuomba.

Tukiwa watoto, burudani yetu moja ilikuwa ndege ndogo. Unaisikia kwanza, mlio kama wa nyuki kwa chupa, halafu unaitafuta angani mpaka unaiona, nukta nyeupe upande wa Kinango ikienda zake bara. Tulikuwa tunapungia mkono. Babu alikuwa anatuambia, "Pungeni vizuri, wajukuu zangu, huyo rubani ni mgeni wa kila mtu." Sikuelewa. Sasa naelewa kiasi.

Chukua ramani, piga mstari ulionyooka kutoka Diani mpaka Kichwa Tembo. Unapanda vilima vya Shimba, unakata nyika yetu kusini mwa Taru, unapita karibu na mlima Kasigau, unaenda juu ya milima ya Taita ambako kilele cha Vuria kina mita 2,208, halafu Tsavo, halafu upande wa Amboseli, mpaka Mara. Hiyo ni kama safari ya Kenya nzima kwa asubuhi moja. Na kilima cha kwanza kabisa, kile kidogo kuliko vyote, ndicho hiyo Cessna haikuvuka. Haikufika nyika yetu.

Shimba ni kilima kidogo, lakini si mchezo

Watu wa Nairobi wakisikia "milima" wanafikiria Mlima Kenya na theluji. Shimba juu kabisa ni kama mita 450 tu. Kuna majengo huko duniani yanaishinda kwa urefu. Unaweza kupanda na tuktuk.

Lakini angalia imekaa wapi. Diani iko usawa wa bahari. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unakuja mbio, halafu ghafla unagongana na ukuta wa kijani. Hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unageuka wingu. Ndio maana unaweza kuwa Ukunda jua linakuchoma shingo, ukapigia beshte yako Kwale mjini akakuambia huko ukungu umejaa hata hamuonani ng'ambo ya barabara. Si kilomita nyingi, ni dunia mbili. Hiyo mvua na ukungu ndio inalisha msitu wa Shimba na chemchemi za Marere, ambazo Mombasa imekunywa maji yake kwa miaka mingi.

Kwa hivyo kilima kinachotupa maji ndicho hujivika wingu. Kwa mkulima ni baraka. Kwa rubani aliyeruka dakika chache zilizopita, na bado anapanda, ni pazia mbele ya ukuta.

Injini ikizima, una dakika ngapi?

Sasa tuchukue ile stori ya komenti kwa uzito. Tuseme, kwa ndege yoyote ndogo, injini imezima kweli. Nini hutokea?

Kitu cha kwanza: ndege haianguki kama jiwe. Hiyo ni sinema. Ndege bila injini inageuka kuwa kama kishada kizito, inateleza kwa hewa ikishuka polepole. Ile Cessna 172 ya shule za urubani, injini ikizima, inaenda kama kilomita 9 mbele kwa kila kilomita 1 inayoshuka. Caravan, rubani akishageuza mapanga ya propela yakate upepo badala ya kuuzuia, inaenda mbali zaidi.

Niliacha chuo mwaka wa pili na hesabu ilichangia, lakini hii hata mimi naiweza. Chukua ile 172. Iko futi 3,000 juu ya bahari, pale Diani. Futi 3,000 ni kama mita 900. Mara 9, una kilomita 8 za kuteleza. Kwa mwendo wake wa kuteleza, kama kilomita 2 kwa dakika, una dakika 4. Dakika 4 si nyingi, lakini ni wimbo mzima na kidogo cha mwingine. Unaweza kutafuta pa kutua.

Sasa ichukue ndege hiyo hiyo, futi 3,000 hizo hizo, uiweke juu ya Shimba. Kilima chenyewe kimeshachukua karibu futi 1,500 kutoka chini. Umebaki na futi 1,500. Kilomita 4. Dakika 2.

Umeona hiyo? Ndege haijashuka hata inchi. Mlima tu ndio umekula nusu ya dakika zako. Kipimo kwa dashibodi bado kinasema 3,000, lakini kinahesabu kutoka baharini, na wewe hutaanguka baharini.

Na katika hizo dakika 2 rubani ana kazi. Marubani hufunzwa mpangilio mmoja wa zamani: rusha ndege kwanza, tafuta njia pili, ongea mwisho. Yaani shikilia mwendo wa kuteleza usije ukapoteza mbawa. Chagua pa kutua. Jaribu kuwasha injini tena kama muda upo. Halafu ndio uite "Mayday" mara tatu. Watu huuliza, "Mbona rubani hakusema kitu?" Mara nyingi jibu ni kwamba mikono yake na akili yake zilikuwa zinafanya kitu cha muhimu kuliko kusema.

Pa kutua napo ni hadithi. Desemba 2013, huko Hawaii, Caravan kama hii ilizimikiwa na injini mara tu baada ya kuruka kutoka kisiwa cha Molokai. Chini kulikuwa na bahari. Rubani akaiweka kwa maji. Watu 9 ndani, 8 wakaokoka. Bahari ilikuwa katili, lakini ilikuwa tambarare.

Vilima vyetu si tambarare. Ni msitu, minazi, mikorosho, mabonde, mashamba ya mahindi yaliyoinama, na nyumba za watu. Sasa kitu kinachonichekesha na kuniumiza pamoja: kwa rubani mwenye injini iliyokufa, pahali pa rehema ni nyika yetu ya Taru. Tambarare, vichaka, watu wachache. Ile nchi misafara yote iliogopa. Na hii ndege jina lake ni Caravan, yaani msafara. Msafara wa miguu ulitaka kijani ukaogopa nyika. Msafara wa mbawa unapaswa kuogopa kijani.

Lakini milima huua hata injini ikiwa fiti

Hapa ndipo ile komenti ya nne inaanza kuchoka. Kwa sababu ukiangalia ajali za ndege ndogo kwa milima ya Afrika Mashariki, zile kubwa za kukumbukwa nyingi si za injini kuzima.

Julai 19, 2003: ndege iliyotoka Wilson kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana. Wamarekani 12 na wahudumu 2 wa ndege kutoka Afrika Kusini, wote wakafa.

Juni 5, 2018: Caravan ya FlySax ilitoka Kitale kwenda Nairobi, ikapotea jioni upande wa Aberdare. Mabaki yalipatikana siku mbili baadaye, Juni 7, juu kwa mlima. Watu 10, wote wamekufa. Uchunguzi ulielekeza kwa ndege iliyokuwa ikiruka chini ya kimo salama kwa eneo hilo, wingu likiwa limefunga. Mlima ulikuwa pale pale ulipokuwa tangu enzi za Adamu.

Novemba 15, 2017, jirani zetu Tanzania: Caravan ya Coastal Aviation iliyokuwa ikielekea Serengeti iligonga nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa kreta ya Empakaai. Watu 11.

Wataalamu wana jina la ajali za aina hii: ndege nzima, inayotii rubani wake, inapelekwa kwa ardhi bila mtu ndani kujua. Injini inanguruma mpaka sekunde ya mwisho. Ukiwa ndani ya wingu, jicho halikwambii mlima uko wapi, na mwili unadanganya kabisa. Unahisi uko sawa kumbe unapinda.

Sisemi ya Kwale ilikuwa hivyo. Sisemi haikuwa ya injini. Nasema hivi: vilima vina njia zaidi ya moja ya kukuchukua, na kwa mtu aliye chini zote zinafanana. Unasikia mlio, unasikia kishindo, unaona moshi. Jirani anaweza kuapa kwa Mungu alisikia injini ikikatakata, na awe anasema ukweli wa alichosikia. Lakini mlio ukipita kwa mvua na mabonde unakatika wenyewe, hata kama injini iko fiti.

Chuma hakina grupu ya WhatsApp

Sasa nani anajua? Watu wengi wanasema, "Tungoje kisanduku cheusi." Shida ni kwamba vile visanduku sheria ya kimataifa huvilazimisha hasa kwa ndege kubwa, za uzito wa zaidi ya kilo 5,700. Caravan iliyojaa haifiki hata kilo 4,000. Ndege za ukubwa huo nyingi huwa hazina.

Kwa hivyo anayebaki shahidi ni chuma. Nilisoma vile wachunguzi hufanya kazi nikabaki mdomo wazi. Propela ikiwa inazungushwa na injini yenye nguvu wakati wa kugonga, mapanga yake hujikunja na kujisokota kwa namna fulani, na hukata miti vipande vilivyochongwa kama kwa panga. Propela iliyokuwa imelala hupindika kurudi nyuma tu, au panga moja hubaki limenyooka kabisa. Ndani ya injini, vile visu vidogo vya tabini huacha alama za kusuguana kama vilikuwa vinazunguka kwa kasi. Hata balbu ndogo ya taa ya onyo: ikiwa ilikuwa inawaka wakati wa kugonga, uzi wake ulikuwa moto na laini, kwa hivyo hunyooka. Ikiwa ilikuwa imezima, uzi hukatika tu. Balbu moja ndogo kuliko ukucha inaweza kusema kama rubani alikuwa ameonywa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ni hivyo hivyo kwa vilivyoanguka. Kila kipande kilikuwa na kazi, na kila kipande kina ushahidi wake.

Nikamwambia hii stori beshte yangu wa Ukunda ambaye ako kwa biashara ya vyuma kuukuu. Tulikuwa kwa kibanda tunakula viazi karai.

"Sasa nikuulize, bro," nikasema. "Kijana akikuletea kipande cha aluminiamu, kisafi, chepesi, hakina kutu, utamuuliza ametoa wapi?"

Akatafuna kwanza. "Mimi napima kwa mzani. Mzani hauulizi swali."

"Na kama ni cha ndege?"

Akaniangalia. "Cha ndege gani?"

"Yoyote. Sema imeanguka mahali."

Akanyamaza kidogo, akajipangusa mikono. "Wallahi sikuwahi kufikiria. Kwangu chuma ni chuma. Lakini hicho unachosema, hicho ni kama kununua nguo ya maiti."

Sisemi kuna mtu alichukua kitu Tsimba Golini. Nasema vile beshte yangu hakuwahi kufikiria, wengi wetu hatujawahi kufikiria. Kipande unachookota kama kumbukumbu, au kile unakisukuma kando upate nafasi nzuri ya kupiga video, kinaweza kuwa ndicho kilikuwa na jibu la injini. Kikipotea, ile komenti ya nne inabaki ndio ripoti. Milele.

Wa kwanza kufika huwa ni sisi

Hii si nadharia. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoingia Ziwa Victoria pale Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43, 24 waliokoka. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima kwa kupambana na mlango wa ndege. Hakuwa na mafunzo. Alikuwa karibu tu.

Januari 2025, Malindi, ndege ndogo ya mafunzo iliangukia barabarani na kuua watu waliokuwa chini, wakijishughulikia zao. Agosti 2025, ndege ya AMREF ikaangukia makazi ya watu Mwihoko, Kiambu, ikaua wa ndani na wa chini. Unaona mpangilio? Hata kama hujawahi kupanda ndege maisha yako yote, ajali ya ndege inaweza kukupata kwa shamba la mamako.

Kwa hivyo wasee wa Golini, Vyongwani, Kinango, Taru, hii ni yenu. Ukifika wa kwanza: piga 999 au 112 na useme mahali kwa jina ambalo mtu wa mbali atalielewa. Kama kuna anayepumua, huyo ndiye kazi, vyuma baadaye. Usikae upande moshi unaenda, mafuta ya ndege hayana mchezo. Kama hakuna wa kuokoa, rudi nyuma, zuia watoto, na ukumbuke kila kitu ulichosikia na kuona, saa ngapi, upande gani, umwambie mchunguzi vile ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Video yako ya ndege ikipita kabla ya kuanguka ni dhahabu kwa mchunguzi. Video yako ya maiti ni aibu tu. Huyo ni mtoto wa mtu, Budapest ama Bamburi, na mamake ana simu.

Diani inakula kwa hizi ndege

Kuna mtu atasema, hizi ni stori za watalii, sisi zinatuhusu nini? Buda, kaa Diani wiki moja halafu urudie hilo swali. Ile biashara ya ufuo na mbuga, mtalii alale Diani siku nne halafu aende Mara aone simba, inasimama kwa hizi ndege za viti kumi na kitu. Dereva wa teksi anayempeleka uwanjani, mama wa mboga anayeuzia hoteli, kijana wa ngamia kwa mchanga, mchonga vinyago, wote wako kwa hiyo foleni.

Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa inakuja huku Diani na watu 44 iligongana angani na kindege cha mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ikarudi Wilson salama, lakini wawili waliokuwa kwa ile ndogo wakafa. Habari ikasomwa dunia nzima, na Diani ilikuwa kwa hiyo stori kwa sababu moja tu: ndiko safari ilikuwa inakuja.

Mtalii haogopi ajali moja. Kila nchi ina ajali. Mtalii anaogopa nchi ambayo ajali inatokea na haijulikani kwa nini, halafu inatokea ingine. Ukweli wa injini ya 5Y-CCA si umbea. Ni kazi za watu.

Ripoti ni ya nani?

Uchunguzi hapa Kenya hufanywa na AAID, idara ya ajali za ndege chini ya Wizara ya Uchukuzi. Sheria ya kimataifa ya anga inataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ripoti kamili ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Na inasema kitu ambacho Wakenya tunapata ngumu kumeza: lengo la uchunguzi si kutafuta wa kulaumiwa, ni kuzuia ingine. Mambo ya kesi na fidia yana mahali pake.

Sasa hapa ndipo nina neno. Ripoti za aina hii huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, zinawekwa mtandaoni kama faili, na anayezisoma ni mwanahabari mmoja na mawakili watatu. Aliyekimbia kwa mvua kuelekea moshi, aliyeambiwa arudi nyuma, ambaye shamba lake liligeuka eneo la uchunguzi, huyo hasomewi. Anabaki na komenti ya nne.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na halina gharama. Ripoti kamili ya ndege ya Kwale isomwe kwa baraza pale Tsimba Golini. Kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kueleza kwa Kidigo na Kiduruma. Mchunguzi asimame, aseme: injini ilikuwa hivi, hali ya hewa ilikuwa hivi, na hiki ndicho kinabadilishwa ili isitokee tena. Wazee waulize maswali. Vijana warekodi. Hiyo video ndio tuisambaze kwa zile grupu nne.

Na kaunti ijiulize swali moja: kama ndege zinapanda hivi vilima kila siku, nani anamwambia rubani aliye Diani kwenye jua kwamba Kwale mjini sasa hivi hamuonani ng'ambo ya barabara? Chombo cha kupima wingu na upepo juu ya kilima si roketi.

Wikendi iliyopita nilikuwa Taru kumsalimia nyanyangu. Jioni tumekaa nje, mpwa wangu wa miaka sita akasimama ghafla akaelekeza kidole. Mlio wa nyuki kwa chupa. Nukta nyeupe upande wa Kinango, ishavuka Shimba, inaenda zake bara. Akaanza kupunga mkono na nguvu zake zote.

Nikasimama nikapunga pia. Halafu nikasikiliza mlio mpaka ukaisha, kitu ambacho sikuwahi kufanya zamani.